Kuoka mkate na keki Arusha na Moshi: vipimo vya mwinuko, baridi na jiko la mkaa

Keki inayopanda vizuri dakika 20 za mwanzo kisha ikabonyea katikati kabla ya kuiva ndilo tatizo la kwanza la waokaji wengi wa Arusha. Lawama huenda kwa mayai, kwa oveni, hata kwa mtoto aliyepita mbio jikoni. Mara nyingi kosa liko kwenye vipimo. Viliandikwa na mtu anayeoka Dar es Salaam, Mombasa au London, karibu na usawa wa bahari, na huku kwetu hewa ni nyingine.

Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900 na ushee kutegemea mtaa. Mgandamizo wa hewa Arusha ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, na Moshi ni kama asilimia 90. Kwa sababu hiyo gesi inayotolewa na bekin pauda au hamira hutanuka zaidi, maana hewa ya nje haiibani sana. Gesi ile ile iliyotosha Tanga, Arusha inachukua nafasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 18. Kuta za vipovu vya rojo hunyooka mpaka zikapasuka kabla yai na unga havijashika, na keki inadidimia.

Maji nayo huchemka mapema, nyuzi 95 hivi Arusha na nyuzi 97 hivi Moshi. Unyevu unatoka upesi, rojo linabaki na sukari nyingi kwa maji machache, na sukari ikizidi huchelewesha yai na wanga kushika. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: ndani ya keki au mkate wenye unyevu, joto haliwezi kupita kiwango ambacho maji yanachemka. Anayefuata maelekezo ya kigeni yanayosema mkate uive mpaka kipimajoto kisome nyuzi 97 atasubiri Arusha mpaka mkate ukauke, na nyuzi hizo asizione. Arusha, ukisoma nyuzi 92 au 93 katikati ya mkate, utoe.

Aliyeko Marangu, Kibosho au Machame ajihesabu pamoja na Arusha, asifuate vipimo vya Moshi mjini. Usa River iko katikati. Ngaramtoni na mitaa ya juu kuelekea Mlima Meru inahitaji kuongeza kidogo marekebisho ya Arusha.

Kurekebisha mapishi uliyonayo

Anza na bekin pauda. Kwa Arusha, kila kijiko cha chai 1 kilichoandikwa, tumia robo tatu. Kwa Moshi punguza kidogo tu, kama moja ya nane. Sukari ipunguzwe kijiko cha chakula 1 kwa kila kikombe Arusha. Moshi nusu ya hapo inatosha. Ongeza maziwa au maji vijiko vya chakula 1 hadi 2 kwa kila kikombe cha kimiminika kilichoandikwa. Moto uongezwe nyuzi 5 hadi 10, ili keki ishike kabla vipovu havijapasuka, na uanze kuikagua dakika 5 kabla ya muda ulioandikwa.

Usibadilishe vyote kwa mpigo. Bekin pauda peke yake huponya keki nyingi. Ukibadilisha vitu vinne siku moja na keki ikatoka kavu, hutajua kipi kimekuangusha.

Mapishi ya Marekani yana mitego miwili. Joto lao ni la Farenhaiti: 350 yao ni nyuzi 177 za Selsiasi. Kikombe chao ni mililita 240 hivi. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa 200 au 300, kwa hiyo hakifai kupimia mpaka ukipime chenyewe kwa chupa ya maji ya nusu lita. Mzani mdogo wa kidijitali ndio kifaa cha kwanza tunachoshauri mtu anunue, kabla hata ya mashine ya kuchapia mayai. Unga ukiuchota kwa kukandamiza, kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 150 na zaidi. Ukiuchekecha na kuumiminia kwa kijiko, hubeba gramu 125 hivi. Kwa vikombe vinne, tofauti hiyo ni gramu 100, na ndiyo inayofanya keki ya leo isifanane na ya wiki iliyopita.

Mayai pia yapimwe. Yai la kuku wa kisasa lina gramu 50 hadi 60 likiwa na ganda, la kienyeji mara nyingi ni gramu 40 hivi. Mapishi yakisema mayai 4, weka ya kienyeji 5, au hata 6 yakiwa madogo sana.

Kuhusu unga, soma kiasi cha protini kwenye mfuko. Gramu 11 na zaidi kwa kila gramu 100 ni unga wa mkate. Gramu 9 au 10 unafaa keki. Ukiwa na unga mmoja tu wa nguvu na unataka keki laini, toa vijiko vya chakula 2 katika kila kikombe na uweke konflawa mahali pake, kisha chekecha mara mbili.

Jiko la mkaa likiwa oveni

Oveni ya umeme ni raha, ila sufuria na mkaa vikipangwa vizuri hutoa mkate usioupata kwa urahisi kwenye oveni ndogo ya mezani. Unahitaji sufuria kubwa yenye unene, ya lita 10 hivi, ambayo chombo chako cha kuokea kinaingia na kuacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Joto lipite pembeni. Chombo kikigusa ukuta wa sufuria, ubavu huo utaungua.

Mwaga chini mchanga mkavu uliochekechwa na kuoshwa, unene wa sentimita 2 au 3. Mchanga unatawanya joto na kuzuia sufuria kutoboka. Juu ya mchanga weka kisahani cha bati kilichogeuzwa au vijiwe vitatu vinavyolingana, ndipo chombo kikae juu yake. Funika kwa sinia bapa la bati lenye ukingo ulioinuka, maana juu yake ndipo makaa mengi yatakapokaa.

Kanuni ni theluthi moja ya makaa chini na theluthi mbili juu. Kwa sufuria ya ukubwa huo, anza na makaa 8 hadi 10 ya ukubwa wa yai chini na 16 hadi 20 juu, yote yakiwa yamekolea na kufunikwa na jivu jepesi. Yale ya juu yapange kwa duara kwenye ukingo wa sinia, katikati weka mawili matatu tu. Ukiyarundika katikati, utapata mkate wenye kovu jeusi utosini na pembeni mweupe. Mkaa wa miti migumu ndio unaokaa. Ule mwepesi unaolia na kurusha cheche huisha kabla keki haijashika. Mkaa mbadala wa kufinyangwa ni mzuri sana kwa chini kwa sababu moto wake ni mpole na haupandi ghafla.

Pasha sufuria tupu dakika 15, kisha pima moto. Tandaza kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati, kiingize, funika dakika 5. Unga ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, moto ni wa keki. Ukiwa kahawia iliyokolea bila kuwa mweusi, ni wa mkate. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu. Ukiwa mweusi, toa makaa ya chini kwanza, kwani kuungua kwa chini ndiko kosa la kawaida zaidi katika uokaji wa namna hii.

Kila dakika 10 zungusha sufuria robo mzunguko, na sinia lizungushe robo kwa upande wa pili, bila kufunua. Dakika 20 zikipita makaa ya juu yatakuwa yamepungua. Ongeza yaliyokwisha kukolea kwenye jiko lingine. Mkaa mweusi uliowekwa juu ya sinia hutoa moshi unaopenya, na siagi hunasa harufu hiyo.

Kazi hii ifanyike nje au jikoni kwenye madirisha wazi. Mwezi wa saba Arusha watu hufunga kila kitu kwa baridi na kuingiza jiko ndani ili donge liumuke au nyumba ipate joto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Donge litafutie joto kwa njia nyingine, na zipo.

Mkate wa kila siku

Vipimo hivi ni vya Arusha, kwa mkate mmoja wa chombo cha sentimita 23 kwa 13, au sufuria ndogo ya duara ya sentimita 20:

Unga wa ngano gramu 500
Maji mililita 310 hadi 330
Hamira ya chenga gramu 5 (kijiko cha chai 1½)
Chumvi gramu 9 (kijiko cha chai 1½)
Sukari gramu 20 (kijiko cha chakula 1½)
Siagi au mafuta gramu 25

Moshi hamira iwe gramu 6, na miezi ya joto kali, Januari hadi Machi, irudishe kuwa 5. Ukitumia maziwa mabichi badala ya maji, yachemshe kwanza na kuyapoza mpaka yawe vuguvugu. Si kwa usalama tu: maziwa yasiyochemshwa yana protini inayolegeza donge, na mkate hautapanda sawasawa.

Hamira ya chenga ndogo huchanganywa na unga moja kwa moja. Ile ya punje kubwa iloweshwe kwanza kwenye maji vuguvugu na sukari kidogo kwa dakika 10. Isipotoa povu, imekufa, tupa. Pakiti iliyofunguliwa ifungwe vizuri na kukaa kwenye friji. Maji ya kukandia yawe ya nyuzi 35 hadi 40 wakati wa baridi, yaani ukichovya kidole husikii moto wala ubaridi. Kuanzia nyuzi 55 na kuendelea hamira inaanza kufa. Moshi mwezi wa pili tumia maji ya bomba kama yalivyo.

Changanya unga, hamira, sukari na chumvi. Mimina maji mililita 310 na koroga mpaka pasiwe na unga mkavu, kisha funika na uache dakika 20 bila kugusa. Hatua hii wengi huiruka, na ni hasara, kwa sababu unga ukinywa maji vizuri, kazi ya kukanda inapungua kwa karibu nusu. Miezi mikavu unga huwa umekauka hata ndani ya mfuko na utahitaji zile mililita 20 zilizobaki. Kipindi cha masika mara nyingi hutazihitaji. Donge liwe laini, linanata kidogo vidoleni lakini linaachia bakuli. Anayeongeza unga kila donge linaponata atapata mkate mgumu wa kuvunjika siku ya pili, na huo ndio mkate wa nyumbani ambao watu wameuzoea bila sababu.

Weka siagi, kanda dakika 8 hadi 10. Sukuma donge mbele kwa kiganja, likunje kuelekea kwako, lizungushe, rudia. Kata kipande kidogo ukinyooshe polepole kwa vidole vya mikono miwili: kikifika kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, acha. Kikichanika mapema, kanda dakika 3 zaidi.

Kuumuka mara ya kwanza Moshi, siku ya joto, huchukua dakika 45 hadi saa 1. Arusha mwezi wa saba, jikoni pakiwa na nyuzi 16 au 17, huchukua saa 2 au zaidi. Usifuate saa, angalia donge. Liongezeke mara mbili, na ukichovya kidole chenye unga, shimo lirudi polepole na kubaki nusu. Likirudi haraka, bado. Lisiporudi kabisa na donge likatoa harufu ya pombe, limepitiliza. Lipige chini, lifinyange tena na uoke, lakini tegemea mkate wenye ladha ya uchachu kidogo. Njia salama ya kulipatia joto ni kuweka bakuli ndani ya sufuria yenye maji vuguvugu na kufunika vyote kwa blanketi, au ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na kikombe cha maji ya moto.

Baridi yenyewe pia ni mali. Usiku wa Juni au Julai Arusha, punguza hamira iwe nusu kijiko cha chai, kanda saa 3 usiku, funika vizuri na uache mezani. Saa 12 asubuhi donge litakuwa limejaa, na mkate huo una ladha na harufu ambayo mkate wa saa mbili hauwezi kuifikia. Moshi wakati wa joto usijaribu hivi, donge litachacha kabla ya alfajiri.

Toa gesi kwa kukandamiza, tandaza mstatili wenye upana wa chombo, likunje kwa kubana, mshono ukae chini. Mara ya pili usisubiri liongezeke mara mbili. Liongezeke mara moja na nusu tu, litamalizia kupanda kwenye moto, na kwa mwinuko wetu litapanda zaidi ya unavyodhani. Mikate mingi ya Arusha inayonywea ikitoka jikoni, au kutengana na ganda lake na kuacha uwazi mkubwa juu, iliachwa sana hapa.

Oveni iwe nyuzi 210, dakika 30 hadi 35. Kwa sufuria na mkaa ni dakika 35 hadi 40. Oveni za gesi zenye moto wa chini tu huunguza kitako: weka mkate ngazi ya juu na trei tupu ngazi ya chini yake. Mkate ulioiva ukigongwa chini hutoa sauti ya uwazi. Utoe kwenye chombo mara moja na uuweke juu ya wavu au vijiti viwili ili hewa ipite chini. Ukipoa ndani ya chombo, mvuke unarudi kwenye mkate na kitako kinakuwa kama kimemwagiwa maji. Subiri saa 1 kabla ya kukata. Ukikata wa moto, ndani utaonekana mbichi hata kama umeiva.

Kwa skonzi, tumia donge hili hili, weka maziwa badala ya maji, sukari gramu 50 na yai 1, ukipunguza maziwa mililita 45. Kata vipande vya gramu 60, viringisha, vipange vikigusana kidogo, oka nyuzi 190 kwa dakika 15 hadi 18. Paka siagi vikiwa moto.

Keki ya siagi

Siagi gramu 225
Sukari gramu 220
Mayai makubwa 4
Unga gramu 270
Bekin pauda kijiko cha chai 1½ Arusha, 1¾ Moshi
Maziwa mililita 70
Chumvi robo kijiko cha chai
Vanila kijiko cha chai 1, au maganda ya chungwa 1 yaliyoparuzwa, au iliki iliyotwangwa nusu kijiko

Ukitumia majarini iliyotiwa chumvi, acha chumvi kabisa. Majarini laini za kupaka mkate zina maji mengi na mafuta machache. Keki itakubali, lakini punguza maziwa yawe mililita 50.

Siagi iwe laini kiasi cha kubonyea kwa kidole bila kuyeyuka. Asubuhi za baridi Arusha siagi haiwi laini yenyewe: ikate vipande vidogo, bakuli lifute kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Ukiiyeyusha jikoni ili kuwahi, haitashika hewa na keki itakuwa nzito. Mayai nayo yatoke kwenye friji saa 1 kabla.

Sukari ya kawaida, ikiwemo ya TPC inayotengenezwa hapo chini ya Moshi, ni ya chenga kubwa kwa keki. Isage kidogo kwenye blenda, sekunde 10 tu. Chapa siagi na sukari mpaka mchanganyiko ubadilike kutoka njano kuwa karibu mweupe, dakika 5 kwa mashine, dakika 12 hadi 15 kwa mwiko. Hapa ndipo hewa ya keki inapoingia, na hewa hii ni ya kuaminika kuliko ya bekin pauda. Ila mayai usiyachape hadi yawe povu kubwa kabla ya kuyaweka. Kwa mwinuko huu hewa nyingi mno ni hatari ile ile ya bekin pauda nyingi. Tia yai moja moja, chapa sekunde 30 kila moja. Rojo likianza kukatika kama maziwa yaliyoganda, yai lilikuwa la baridi. Weka kijiko cha chakula cha unga na uendelee.

Chekecha unga, chumvi na bekin pauda pamoja. Tia theluthi ya unga, nusu ya maziwa, theluthi ya unga, maziwa yaliyobaki, kisha unga wa mwisho, ukichanganya kwa mwiko kutoka chini kwenda juu. Unga usipoonekana tena, acha. Kuchanganya sana kunajenga mvutano wa mkate ndani ya keki, na dalili yake ni mashimo marefu yanayopanda juu kama vichuguu.

Paka siagi chombo cha duara cha sentimita 23, tandika karatasi chini, mimina. Rojo lisizidi nusu ya kina cha chombo, hasa Arusha. Nyuzi 185, dakika 40 hadi 45. Dakika 25 za mwanzo usifungue. Chomeka kijiti katikati: kikitoka na chembe kavu mbili tatu, toa. Ukisubiri kitoke kikavu kabisa, keki itakuwa imekauka. Iache kwenye chombo dakika 10, kisha igeuze.

Keki isiyokwenda sawa hukusomea makosa yako waziwazi. Ikibonyea katikati na pembeni ikabaki juu, bekin pauda au sukari imezidi, au ulifungua mapema. Ikipanda kilima na kupasuka utosini, moto wa juu ulikuwa mkali au chombo ni kidogo. Mstari mzito wenye unyevunyevu kitakoni maana yake maziwa yalizidi, au rojo lilisubiri mezani wakati unatafuta makaa. Bekin pauda inaanza kazi mara inapolowa, kwa hiyo jiko liwe tayari kabla hujachanganya unga. Ikimeguka ovyo ikikatwa, sukari au siagi ni nyingi kuliko yai linavyoweza kushika: ongeza yai 1 dogo na upunguze maziwa kidogo.

Keki ya ndizi

Kwa mikoa hii ni dhambi kununua ladha ya ndizi ya chupa. Kisukari au mtwike iliyoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi ndiyo inayofaa. Mshare ni wa mtori, hauna sukari ya kutosha hapa.

Ponda ndizi gramu 300 (uzito bila maganda). Changanya na sukari gramu 120, mafuta mililita 100, mayai 2 na mtindi mililita 50. Chekecha unga gramu 250, bekin soda robo tatu ya kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko na mdalasini kijiko 1. Unganisha kwa mwiko bila kuchapa. Chombo cha mkate, nyuzi 180, dakika 50 hadi 55.

Mtindi si mapambo. Bekin soda inahitaji uchachu ili itoe gesi yake yote, na ndizi peke yake hazina wa kutosha. Usitumie magadi ya mawe ya kupikia makande: ni makali zaidi, yataharibu rangi ya keki na kuacha ladha ya sabuni.

Maandazi

Neno moja tu kwa maandazi yanayotoka meusi nje na mabichi ndani. Kwa kuwa maji ndani ya donge yanachemka kwenye nyuzi za chini, nje hufika rangi kabla ndani hapajaiva. Mafuta yawe nyuzi 165 hadi 170 badala ya 175 hadi 180. Bila kipimajoto, tupia kipande kidogo cha donge: kizame, kisha kiibuke juu ndani ya sekunde 3 au 4. Kikirukia juu papo hapo, punguza moto.

Umeme ukikatika, na utunzaji

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani ya oveni chini ya dakika 20, usifungue mlango. Washa mkaa mara moja na uandae sufuria ya mchanga, kisha hamisha chombo haraka sufuria ikishapata moto. Ikiwa imeshapita dakika 30 na juu imeshika, oveni ikifungwa itashikilia joto la kutosha kumalizia kwa dakika 15 hadi 20 za ziada. Donge la mkate lililosubiri umeme lisiachwe liendelee kupanda: lipige chini, lifunike na uliweke mahali pa baridi mpaka moto upatikane.

Hewa kavu ya Arusha hukausha mkate kwa siku moja. Ukishapoa kabisa, ufunge kwa kitambaa safi ndani ya mfuko wa nailoni au chombo chenye mfuniko. Friji huufanya uwe mgumu haraka kuliko meza, kwa hiyo usiuweke humo; kata vipande na ugandishe kwenye friza, kisha toa vya siku ile tu na uvipashe kwenye kikaango kikavu. Keki ya siagi hukaa siku 4 ikiwa imefungwa. Ya ndizi ina unyevu mwingi: Moshi wakati wa joto, baada ya siku 2 iingie kwenye friji, vinginevyo itaota ukungu kuanzia kitakoni, upande usiouona ukifunua chombo.